Mama Nguzo Habonyezi

Tangu Jumatatu simu ya Mama Nguzo ilikuwa ikimwonyesha maneno yaleyale kila alipofungua ukurasa wa ruta: diski haisomeki, ifomatiwe? Chini yake kitufe chekundu. Siku tano alikitazama kitufe hicho, na siku tano hakukigusa.

Aliyemwambia akibonyeze alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa familia, mtu wa kompyuta katika ofisi ya watu wenye tai. Nyumba nzima ilimwita Mtaalamu, naye aliliitikia jina hilo bila haya. Alisema kwenye simu kwamba diski imekwisha, wala hakuna cha kuhangaikia. Afomati tu, yaani aifute yote ianze upya, huenda ikafaa kwa kazi nyingine.

Kazi nyingine ipi? Diski yenyewe, nyeusi, ndogo kuliko kiganja, iliyochomekwa nyuma ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, pale kwenye korido, ilikuwa imebeba sauti ya mama yao. Miaka mitatu Mama Nguzo alimrekodi bibi huyo akisimulia mambo ya ukoo: nani alitoroka na nani, nani alimnunia nani miaka kumi kwa sababu ya sufuria. Rekodi mia mbili na kumi na nne. Kisha kiharusi kikampiga mama, maneno yakampotea yote, akabaki na "eee" peke yake. Mwalimu wa matamshi kutoka hospitali akawaambia wamsikilizishe maneno aliyoyazoea, ajaribu kuyafuata. Mama Nguzo hakuona maneno ambayo mama aliyazoea kuliko ya kwake mwenyewe. Basi kila saa nne asubuhi spika ya chumbani ilivuta rekodi moja kutoka kwenye diski kupitia ruta, na mama akajisikiliza, midomo ikihangaika kujifuata. Wiki ya tatu alitoa "ma". Mama Nguzo alikwenda jikoni akalia, akanawa uso, akarudi.

Sasa spika ilikuwa kimya. Jumatatu na Jumanne mama aligeuza kichwa kuitafuta sauti saa nne ilipofika. Alhamisi hakugeuka tena. Jambo hilo lilimchoma Mama Nguzo kuliko kitufe chochote, na ndiyo siku ambayo Mtaalamu alimwambia kwa sauti ya upole, ile ya watu wanaokuzika ungali hai, "Dada, tukubali tu. Mama hatasema tena."

Mama Nguzo alikata simu. Mori ulimpanda.

Watu walisahau huyu mwanamke alikuwa nani. Miaka thelathini alikuwa fundi wa simu za mezani, akipanda nguzo na mkanda kiunoni, na huko ndiko jina lilikotoka. Simu za mezani zilipokufa, wanawe na ndugu zake walidhani akili yake imeng'olewa pamoja na nyaya. Hata nywila ya simu walimwekea wao. Lakini nguzoni alijifunza mambo ambayo hayazeeki: badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, fuata waya mpaka mwisho wake, na usimwamini mtu anayesema hajagusa kitu.

Alibadili kebo ya diski. Wapi. Akahamishia tundu la pili la ruta. Wapi. Akaweka sikio juu ya diski kama alivyokuwa akisikiliza laini, akasikia inaanza kuzunguka, inafika mahali, tik, inakata, inaanza tena. Taa yake nayo inawaka na kuzima. Alipomweleza Mtaalamu, akajibiwa kwamba hiyo ndiyo sauti ya diski inayokata roho.

"Hiyo ni njaa," alisema Mama Nguzo. "Njoo na kompyuta yako, na usiniletee matanga."

Jumamosi mchana Mtaalamu alikuja shingo upande, begi begani, akianza kueleza mambo ya kununua nafasi mtandaoni kabla hajavua viatu. Mama Nguzo alijitia hamnazo. Aliichomoa diski kwenye ruta, akaichomeka kwenye kompyuta ya mdogo wake, akakaa. Ikazunguka bila kukata. Kompyuta ilidai kwanza iikague, ikakagua nusu saa nzima, na ilipomaliza rekodi zikajipanga kwenye kioo: mia mbili na kumi na mbili. Mbili zilikuwa zimeharibika kwa huko kuwaka na kuzima. Mama Nguzo aliuma meno kwa ajili ya hizo mbili.

Mtaalamu akasema basi tatizo ni ruta, anunue mpya. Dada yake alikuwa ameshapiga magoti koridoni. Alifuata waya wa umeme mpaka ukutani, akaing'oa adapta, akavaa miwani na kusoma maandishi yake madogo kama sisimizi. Amp moja. Akaigeuza ruta tumbo juu. Amp mbili. Umeme ulioingia uliitosha ruta, diski ikabaki inang'ang'ania makombo.

"Jumapili uliyokuwa hapa," aliuliza, "uligusa nini?"

"Sikugusa kitu, dada."

"Mwaga begi."

Alicheka, akaona mwenzake hacheki, akamwaga. Kebo, chaja, tai iliyokunjamana, kiruta kidogo anachotembea nacho kikazi, na adapta nyeusi, pacha wa ile ya ukutani. Jumapili ile aliichomoa ruta ya nyumbani ili ajaribu kiruta chake hapo koridoni, gari likampigia honi, na kwa haraka akairudishia ruta adapta ya kiruta, akaondoka na ya wenyewe. Mama Nguzo alimsomea kwa sauti: amp mbili. Mtaalamu alijikuna kichwa, akaichomeka adapta hiyo ukutani na kuirudisha diski kwenye ruta.

Saa nane na robo taa ya diski iliwaka, ikatulia. Si saa yake, lakini nani angesubiri hadi kesho? Waliingia chumbani, Mama Nguzo akachagua rekodi ya sufuria, na sauti ya mama ikajaa chumba, kali, yenye dharau tele kwa mke mwenzake wa zamani. Mama kitini aliinua kichwa polepole. Midomo ikaanza. Jasho likamtoka puani, mkono wake usiopooza ukaubana mkono wa kiti, na dakika kumi zikapita hivyo, midomo ikikimbizana na sauti na kuachwa.

Mtaalamu hakuweza kutazama. Machozi yalimlenga. Alinyoosha mkono kuizima spika, akainama.

"Basi, mama. Umechoka?"

Mama alimkazia macho. Midomo ikakutana, ikaachana, ikakutana tena.

"Ba," alisema. "Bado."

Mtaalamu akauondoa mkono wake kwenye spika, na Mama Nguzo akaongeza sauti.