Jagi la Sita

Tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye ubao wa kiwanda, kati ya ratiba ya zamu na onyo la kutovaa kandambili: anatafutwa mbunifu wa bidhaa, alete barua na kazi zake Ijumaa ya wiki ijayo. Wafanyakazi walilisoma, wakacheka, wakaenda zao. Hiyo ilikuwa kazi ya ghorofani, kwa wenye viyoyozi. Mmoja tu alibaki amelikodolea macho, na hapo ndipo wenzake walipocheka zaidi, kwa sababu huyo alikuwa Bi Kisu.

Jina hilo alipewa kwa kazi yake. Kila jagi la plastiki lililotoka kwenye mashine lilifika mezani kwake likiwa na ndevu, vile vipande vinavyobaki pale nusu mbili za kalibu, umbo la chuma la kuundia jagi, zinapofungana, naye alizinyoa kwa kisu. Miaka tisa. Alikuwa ameshika majagi mengi kuliko mtu yeyote mle ndani, meneja akiwemo, na hakuna aliyewahi kumuuliza anayaonaje.

Aliyaona mabaya. Lile la bluu lililotengenezwa kwa wingi, lenye mpini mwembamba uliopinda kwa madaha, lilikuwa zuri dukani na halikuwa na adabu nyumbani. Ukilijaza, linajipindua mkononi. Ukimimina, linatokwa na udenda kidevuni. Mama yake, mwenye baridi yabisi ya vidole, alikuwa ameacha kulitumia. Alikuwa akisubiri mtu apite ndipo aombe amiminiwe maji, na asipopita mtu alisema hana kiu sana.

Basi kwa mwaka mzima Bi Kisu alikuwa akiokota majagi mabovu kwenye rundo la kusagwa upya, kwa ruhusa ya msimamizi wa zamu, akiyakata na kuyaunga jikoni kwa kisu kilichopashwa moto. Jiko lilinuka, majirani walilalamika, yeye hakujali. Alikuwa amekwisha kutengeneza sita.

Jioni ile kaka yake mkubwa, mwenye duka la kuchapisha, alipita nyumbani akaonyeshwa picha ya tangazo.

"Wanataka na stashahada, mdogo wangu. Kusoma hujui, hata picha huoni?"

"Wameandika 'ikiwezekana'."

"Hiyo ni adabu tu ya kukufukuzia."

Lakini kaka huyu alikuwa na tabia ya kukuvunja moyo huku akikusaidia. Palepale alianza kupanga: atamchapishia kitabu cha karatasi nzito inayong'aa, na ndani yake jagi moja tu, la sita, lililopigwa picha kwenye mwanga mzuri. Yale matano ya mwanzo yarudi kwenye rundo.

"Mtu haendi kuomba kazi amebeba makosa yake kwenye gunia," alisema. "Hasa hilo la kwanza. Ukilitaja hilo umekwisha."

La kwanza lilikuwa na kisa chake. Kiwandani hakuna anayejaribu jagi kwa maji. Maji hayaruhusiwi karibu na mashine, kwa hiyo jagi hukaguliwa tupu: linainuliwa, linatazamwa kwenye mwanga, linagongwa kwa kidole, linapita. Bi Kisu, aliyejiona mjanja kuliko wote wa ghorofani, alilijaribu la kwake vivyo hivyo. Aliliinua tupu, akaliona jepesi, akamkabidhi mama kwa mbwembwe. Mama akalijaza. Lilimponyoka, likamlowesha kuanzia mapajani hadi nyayoni.

"Umenitengenezea jagi la kutazama," mama alisema huku akikamua nguo. Bi Kisu aliona aibu wiki nzima.

Sasa mama huyohuyo alikohoa kutoka kwenye kiti chake. "Mficha uchi hazai. Apeleke yote matano."

"Na la sita, mama," kaka akasema, akinyoosha mkono. "Lete nikalipige picha."

Mama alilivuta jagi karibu naye. "Hili halitoki. Nalitumia."

Walimbembeleza. Kaka alimwambia ni siku chache tu, kisha akamwambia anamharibia binti yake maisha. Mama akajibu kwamba tangu apate jagi lile hajamwomba mtu ammiminie maji, na hana mpango wa kuanza tena.

"Basi nilipige picha hapohapo ulipo!"

"Hapana," alisema Bi Kisu, na wote wawili wakamgeukia. "Nikiwapelekea picha, nimewapelekea jagi tupu. Nimeshafanya kosa hilo mara moja."

"Utakosa kazi!"

"Nitaikosa nikiwa nimesema ukweli."

Alijibu kwa kiburi, lakini usingizi ulimpaa siku zote zilizobaki. Hiyo ilikuwa nafasi ya kwanza katika miaka tisa, na mbele yake aliona mingine tisa ya kunyoa ndevu za majagi mabaya.

Ijumaa alipanda ngazi na gunia begani, jagi moja la bluu kwapani, na mkononi barua na dumu dogo la maji. Chumbani walimokuwa meneja na afisa ajira, mwanamke mwenye miwani na faili, kulikuwa na zulia ambalo Bi Kisu aliogopa kulikanyaga. Alilikanyaga.

"Wewe si yule wa kunyoa?" meneja aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Stashahada unayo?" afisa akauliza.

"Sina."

Afisa akafunga faili. "Basi dada, tunakushukuru kwa—"

"Sijamaliza." Alilijaza lile la bluu hadi juu, akalisukuma mbele ya meneja pamoja na bilauri iliyokuwa mezani. "Nimiminie, tafadhali."

"Maji hayaruhusiwi kiwandani humu," meneja alisema.

"Ndiyo maana bado mnatengeneza jagi hili."

Meneja hakuwa mtu wa kushindwa na jagi mbele ya watu. Aliliinua. Likampindukia mkononi kama kawaida yake, nusu ya maji ikaingia kwenye bilauri, nusu ikatambaa juu ya faili. Afisa ajira akaruka na kiti chake.

Bi Kisu hakuomba radhi. Aliyapanga matano yake mezani, kwenye maji yaleyale, akayaeleza moja moja. La kwanza alilijaribu tupu, mama yake akalowa. La pili lilishikika vizuri, udenda ukabaki. La tatu mdomo ulipona, mpini ukaumiza vidole. La nne zito mno. La tano angeliweza kuwadanganya nalo, lakini linamshinda mtu mwenye mikono mibovu.

Meneja alikuwa akijikausha mikono polepole, akitazama mipini. "Barua yako inasema sita."

"La sita mama amelikatalia. Analitumia."

Afisa akacheka. "Mwombaji kazi anaacha kazi yake bora nyumbani?"

"Huko iko kazini," alisema Bi Kisu. "Mkitaka kuliona, njooni. Ila mje na kiu."

Jumamosi mchana meneja alibisha hodi, peke yake, akijifanya amepita tu. Mama hakuinuka. Aliingiza vidole vyake vilivyopinda kwenye mpini mpana wa jagi la sita, mkono wa pili akauegemeza kwenye kibonyeo chini ya tumbo la jagi, akammiminia mgeni bilauri mpaka juu. Hakuna tone lililodondoka.

Meneja alikunywa yote. Kisha akaweka bilauri chini na kunyoosha mkono. "Naomba niutazame huo mpini, mama."

Mama alilishusha jagi mapajani, akalikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Subiri kidogo, baba," alisema. "Kwanza niambie mwanangu anaanza lini."