Neno la Kufiwa

Jumanne moja ya Machi 2009, saa moja na nusu asubuhi. Sufuria ya Mama Euphrasie ilikuwa juu ya meza yetu ya jikoni, mtaa wa Etterbeek, Brussels, imefungwa kwa kitenge. Wenjing alitoka bafuni na taulo kichwani, akaiona, akasimama.

Tulikuwa tumeishi nyumba moja kwa miaka miwili. Mimi nilikuwa mwanafunzi kutoka Morogoro, nikifundisha Kiingereza ili nilipe pango. Yeye alikuwa mhandisi kutoka Wuhan. Mume aliyemleta Brussels alikwisha kuondoka. Kibali chake cha kukaa kingeisha Septemba, na chuo kilichokuwa tayari kumpokea kilitaka kwanza alama za juu za mtihani wa Kiingereza. Mtihani wenyewe ulikuwa Jumanne hiyo.

Maneno ya kawaida alikuwa nayo. Aliyoyakosa ni yale mazito, ya vitabuni, na kwa hayo alikuwa na utaratibu wake: hakulikubali neno mpaka ashuhudie kitu chenyewe. Maana ya kamusi, alisema, ni picha ya chakula. Kwa neno la mnada tulisimama kwenye ukumbi wa samani kuukuu hadi miguu ikafa ganzi. Kwa neno la mgomo alikaa kituoni asubuhi nzima akingoja tramu ambazo hazikuja, akarudi ameridhika.

Kwa neno la kufiwa nilimpeleka mtaa wa Saint-Josse, kwa Mama Euphrasie, Mkongomani niliyemfahamu, ambaye kaka yake alikuwa amefariki Bukavu. Viti vilikuwa vimesogezwa ukutani. Wanawake waliingia na masufuria, wakaketi, hawakusema kitu. Wenjing aliuliza kwa nini hakuna anayemfariji. Nilimweleza kwamba kuketi ndiko kufariji, na kwamba habari ya kifo haipelekwi kwa mtu aliye peke yake, wala mwenye njaa. Watu hutangulia, na chakula. Aliondoka na neno lake.

Jumapili kabla ya mtihani, Wenjing akiwa sokoni Flagey, kaka yake Weimin alipiga simu ya nyumbani. Kwa Kiingereza cha kuokoteza aliniambia kwamba mama yao amefariki, wamekwisha kumzika, na nisimwambie mdogo wake hadi mtihani upite. Kwao ndivyo ifanywavyo: aliye mbali hupelekewa habari njema, nyingine husubiri. Niliahidi. Marehemu alikwisha kuzikwa, kibali bado. Sikuona la kupima zaidi.

Jioni nilimpigia Mama Euphrasie. Nilimweleza kilichotokea.

"Donc mutoto ya watu ataenda ku examen, siye wote tunajua, yeye tu njo hajue? Na tumbo tupu?"

"Nimeahidi, maman."

"Bon. Weye uliahidi. Miye sikuahidia muntu."

Ndiyo maana Jumanne alikuwa jikoni kwetu, koti halijavuliwa, mikono mapajani, kimya. Nami nilikuwa nimeketi kando yake. Nilikuwa nimemfungulia mlango. Baada ya hapo hapakuwa na kiti kingine cha kukalia ila hicho.

Wenjing alituangalia, akaiangalia sufuria, akatuangalia tena.

"Nani?" aliuliza.

"Mama yako," alijibu Mama Euphrasie.

Alilitamka lile neno la kufiwa, kwa Kiingereza, mara moja, kwa lafudhi sahihi. Kisha akavuta kiti. Mama Euphrasie alifungua kitenge, akampakulia sombe, yaani kisamvu, na wali. Alikula sahani nzima, akakausha nywele, akavaa koti, akaenda kwenye mtihani.

Alirudi alasiri. Hakuwa ameketi bado Weimin alipopiga. Kwao ulikuwa usiku. Waliongea Kichina na sikuelewa neno hata moja. Nilichoona ni hiki: alisikiliza, akatoa sauti ndogo ya mtu aliyeshtuka, akaegemea ukuta. Alipoweka simu chini uso wake ulikuwa vilevile.

"Nimemwacha aniambie," alisema, akaenda kulala.

Sufuria ilibaki kwetu, imeoshwa, juu ya kabati. Wiki ya tatu Mama Euphrasie alipiga kuuliza kama sufuria yake imeshapata carte de séjour, kibali cha kukaa. Wenjing aliniambia nimwombe asubiri.

Aprili alama zilitoka, zikatosha. Jumamosi iliyofuata aliifunga sufuria kwa kitenge kilekile, akaipeleka Saint-Josse mwenyewe. Haikuwa tupu.