Utepe Mweupe wa Kuku Kishingo

Jumatatu saa mbili asubuhi Ritha alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, kompyuta magotini, anapanga mafumbo. Kuna jukwaa mtandaoni ambako watu wanatupiana mafumbo ya kuandika programu, na lazima mtu ayasome na kuyagawa mafungu: rahisi, wastani, ngumu. Kazi haina mshahara. Ritha alijitolea tangu alipoacha chuo Dodoma mwaka wa pili, kwa sababu zake, na mojawapo ilihusu mbuzi watatu na ofisi ya mkuu wa idara.

Alipofungua fumbo la kwanza, la kupanga namba, kuku kumi na mmoja waliingia pale uani, Ilongero, wakasimama mstari, mfupi mbele, mrefu nyuma.

Shangazi yake Editha alikuwa anapepeta mtama. Akainua macho.

"Wa nani hawa?"

"Wa mtandaoni, shangazi."

"Wamechanjwa kideri?"

"Haijaandikwa."

Shangazi akaingia ndani, akatoka na kichupa cha chanjo, akawadondoshea jichoni mmoja mmoja. Mstari haukuvunjika.

Tangu hapo kila fumbo lilikuja na kuku wake. Shangazi kazi yake ni kukusanya kuku na kuwapeleka Singida mjini, na anajua kuku asiye na alama mguuni ni ugomvi na majirani. Akachana vitambaa. Kijani wakafungwa wa rahisi, bluu wa wastani, nyekundu wa ngumu. Fumbo la kutafuta njia fupi lilikuwa jogoo aliyetoka getini kwenda kwenye mtama kwa kupita jikoni, juu ya sufuria, maana ndiko karibu. Lingine lilikuwa tetea ambaye yai lake ukiliinua juani unaona ndani tetea anataga yai. Shangazi alilitazama, akasema hilo lisipikwe.

Mtu popote duniani akifumbua fumbo sawasawa, kuku wa fumbo hilo anataga. Hata yule jogoo alitaga. Aliona haya siku mbili, akazoea.

"Leta hao wa rahisi," shangazi alisema, bakuli limejaa. "Wa ngumu wanakula tu."

Na Ritha akikosea fungu, kuku alidonoa utepe mpaka ukatoka, akasimama mlangoni akisubiri rangi yake. Kuku hawakuwahi kukosea.

Mwezi wa nane Ritha akatuma fumbo lake mwenyewe. Mwenye fumbo kwenye fungu la ngumu ndiye huitwa kutunga mashindano ya mwisho wa mwaka, na nafasi hiyo Ritha aliitaka kuliko alivyowahi kuitaka shahada. Fumbo lenyewe alilitoa uani. Una kuku ishirini, hawa hawapatani na wale. Wapange kwenye matenga machache kadiri inavyowezekana, wafike mjini bila kudonoana.

Mpangaji hapangi fumbo lake mwenyewe, hupangwa na mfumo kwa fomu, na fomu iliuliza kama amemaliza shahada. Ritha, ambaye hajawahi kujaza fomu bila mzaha, safari hii akaandika ukweli: bado. Mfumo haukusoma zaidi. Ukalitupa fumbo kwenye fungu la nne, la Wanaoanza, lililo chini hata ya rahisi.

Kuku wake akaja jioni hiyo, kishingo mdogo asiye na manyoya shingoni. Ritha akamfunga utepe mweupe. Kishingo akaudonoa. Akafungwa tena, akaudonoa tena. Wiki tatu zikapita, wanaoanza elfu nne wakajaribu, kishingo hakutaga.

Mratibu wa jukwaa, Stanley, akapiga simu kutoka Dar.

"Dada, fumbo lako limenitoa jasho siku nne, na bado sijalifumbua. Ni gumu hasa."

"Basi lihamishe, kaka."

"Fomu inasema bado. Mfumo unaangalia fomu, hauangalii fumbo."

"Na wewe unaangalia nini?"

"Mimi naangalia mfumo."

Jumamosi Urbano wa bodaboda alikuja kuchukua mzigo. Siku hiyo kuku walikuwa ishirini, kishingo akiwemo, maana alikuwa amejiingiza mwenyewe. Kila tenga alimowekwa, vita vilianza.

"Shikamoo mama. Leo matenga sita?" Urbano aliuliza. "Pikipiki itabeba matatu tu."

"Marahaba. Kaa kimya kidogo."

Shangazi aliwatazama kuku kwa muda wa kunywa kikombe cha uji. Halafu akaanza. Mwekundu huku, mama yake kule, yule mgomvi kati ya wale wazembe wawili, kishingo juu ya wote. Matenga matatu. Kimya. Ndani ya tenga la mwisho kishingo akataga.

Kwenye kompyuta pakatokea: aliyefaulu, mmoja. Jina halikuwepo. Simu ikalia.

"Nani kafumbua?" Stanley alikuwa anahema.

"Shangazi yangu."

"Ana shahada ya nini?"

"Aliishia darasa la nne."

Stanley akacheka kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo. "Sasa si unaona, dada? Mtu wa darasa la nne kaliweza. Mfumo ulikuwa sahihi tangu mwanzo!"

Akalifunga suala. Mashindano yakapata mtunzi mwingine, mwenye shahada mbili.

Ritha akamtoa kishingo tengani, Urbano akaondoka na waliobaki. Yai likakaangwa na kitunguu, wakala wawili kwa ugali wa mtama. Lilikuwa na viini vitatu, kila kimoja mahali pake, havigusani.

"Kasemaje huyo wa simu?" shangazi aliuliza.

"Kasema wewe ni wa wanaoanza."

"Kuanza nini?"

"Hakusema."

Shangazi akacheka mpaka akakohoa. Ritha akachukua kitambaa cheupe kilichobaki, akajifunga kifundoni, fundo lile lile la kuku. Shangazi akanyoosha mguu wake.

"Nifunge na mimi. Ila usikaze, miguu imevimba."

Kishingo akaja, akautazama mguu mmoja, akautazama wa pili. Akanyoosha na wake. Safari hii hakudonoa.