Majina Tisa na Tangi la Dizeli

Karatasi ilibandikwa kwa gundi kwenye mlango wa chumba cha pasi, ili asiyeipenda asiweze kuing'oa. Ilikuwa na majina tisa, yote ya wanawake. Chini ya majina palikuwa na mstari mmoja: gharama za uendeshaji zipungue kwa asilimia kumi kabla ya Ijumaa, la sivyo waliotajwa hapo juu wasije Jumamosi.

Jina la nne lilikuwa la wifi wa Mama Moto.

Mama Moto ndiye aliyelisha boila ya kiwanda kile cha kufulia nguo. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akiwasha moto alfajiri na kuuzima jioni. Boila ilitoa mvuke, mvuke ukazungusha kazi yote: shuka za hospitali, mataulo ya nyumba za wageni, makoti ya madaktari. Hakuwahi kwenda shule ya ufundi. Aliyoyajua aliyajua kwa kuungua, na alama zake alikuwa nazo mikononi, mtu akitaka cheti.

Aliisoma karatasi mara mbili, kisha akaenda moja kwa moja ofisini bila kunawa.

Ofisini alikaa binti wa tajiri. Baba mtu alikuwa mgonjwa nyumbani, naye binti alikuwa amerudi kutoka masomoni miezi mitatu nyuma akiwa na kompyuta na kalamu nne za rangi. Chumba cha pasi kilishampa jina: Dada Asilimia. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia, aliomba samahani, kisha alikukata kama anavyokata limau.

"Shikamoo mama. Najua ulichokuja kusema."

"Marahaba. Kama unakijua, kiseme wewe, mimi nimechoka na ngazi."

Dada Asilimia akatabasamu kidogo, akaigeuza kompyuta. "Dizeli. Lita mia tano kwa siku. Hiyo peke yake ni zaidi ya nusu ya gharama zetu. Mvuke siwezi kuupunguza, nguo hazitakauka. Kilichobaki ni watu."

"Kilichobaki ni watu," Mama Moto alirudia. "Mwanangu, nipe siku moja. Nikushushie hizo lita mia tano mpaka mia nne, na hao tisa uwaache."

"Kwa njia gani?"

Akamweleza. Mvuke ukishapiga pasi na vikausho unapoa, unageuka maji ya moto sana. Zamani maji hayo yalirudishwa kwenye boila, na maji yaliyokwisha kupata moto hayali mafuta mengi kuchemka tena. Lakini pampu ya kuyarudisha iliharibika miaka kumi na sita iliyopita, na tajiri akasema pampu mpya ni anasa. Tangu siku hiyo maji yalimwagwa nje kupitia bomba la ukutani, na boila ikawa inachemsha maji baridi kila siku kama ndiyo kwanza imezaliwa.

Asichokieleza ni kwamba maji yale hayakumwagika bure. Nyuma ya ukuta palikuwa na nyumba za kupanga, na kila saa nne asubuhi wifi yake aligonga bomba mara tatu kwa kishikio cha pasi, akafungua koki, na wanawake wa nje wakaja na ndoo. Waliwaogesha watoto humo, walifua humo, mgonjwa alikandwa humo. Miaka kumi na sita. Na sasa yeye, Mama Moto, ndiye aliyekuwa anataka kuwafungia.

"Nimeunga pampu kwa vipuri vya mashine mbovu," alisema. "Kesho jaribu. Nguo zilezile, saa zilezile."

Dada Asilimia akaifunga kompyuta. "Sawa. Ila mama, usikasirike: tangi la dizeli nitalifunga kufuli langu mwenyewe, na ufunguo nitakaa nao. Nisije nikaambiwa mtu kaongeza mafuta kwa mlango wa nyuma ili kijiti cha kupimia kisome vizuri."

Matusi yale aliyameza mazima. Kwa ajili ya watu tisa angemeza na kufuli lenyewe.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi walisimama wote kwenye tangi. Dada Asilimia alizamisha kijiti cha kupimia, akakisoma, akaandika. Pembeni alikuwa baba yake mdogo, mkuu wa magari na mtunza ufunguo wa tangi siku zote, mtu mnene wa vicheko ambaye kila mtu alimwita Ami. Alipoona kufuli jipya akacheka.

"Sasa mimi nikiihitaji dizeli ya jenereta?"

"Leo umeme upo, Ami. Vumilia siku moja."

"Ah, kwani mimi nimesema kitu?" Akaondoka akipiga mluzi.

Mama Moto aliwakusanya wa chumba cha pasi, akanyanyua kidole. "Leo koki ya ukutani haiguswi. Nimewaambia wa nje wasije. Ile koki ikigeuzwa tu, maji yanakwenda nje, na ninyi mnakwenda nayo. Mmesikia?"

"Tumesikia, wifi," alisema wifi yake. "Hata nikiwashwa na pua sitajikuna, nisije nikaigusa kwa bahati mbaya."

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu.

Siku ile Mama Moto hakutoka chumba cha boila. Dada Asilimia alimwekea kiti mbele ya saa ya kupimia mvuke na kumtaka aandike kila baada ya robo saa. Pampu ya kuunga ilikuwa ikikohoa upande wa pili wa ukuta, na kila ikikohoa moyo wake ulikohoa pamoja nayo. Joto lilimkausha midomo. Saa tano, saa sita, saa nane. Hakula. Mashine zilinguruma kiasi kwamba hata mtu angeitwa kaburini asingesikia.

Saa kumi jioni shuka ya mwisho iliingia kwenye pasi. Ndipo akanyanyuka kwenda kulitazama tangi dogo lililopaswa kupokea maji yanayorudi. Aliweka kiganja juu ya bati.

Baridi.

Akaweka kiganja cha pili, kama kwamba cha kwanza kimemdanganya. Baridi vilevile. Pampu ilikuwa ikikohoa hewa tupu. Alikimbia hadi chumba cha pasi, mbio za mwanamke wa miaka hamsini na sita, akafika kwenye koki. Ilikuwa imegeuzwa upande wa nje, wazi kabisa. Nyuma ya ukuta alisikia ndoo zikigongana na mtoto akilia kwa sabuni ya machoni.

"Nani?" aliuliza. "Nani kafungua?"

Wanawake tisa walitazamana. Kisha wifi yake akaitazama mikono yake mwenyewe, kama mtu aliyeikuta kitandani kwake mikono ya mwingine.

"Wifi yangu," alisema taratibu. "Saa nne. Sikumbuki kufungua. Nakumbuka nilipogonga. Nilikuwa nahesabu shuka, nikagonga, nikaendelea kuhesabu."

Mkono uliofanya kitu kimoja kila asubuhi kwa miaka kumi na sita haumwombi mwenyewe ruhusa. Kwa hiyo tangu saa nne maji yote yalikuwa yametoka nje, na boila ilikunywa baridi kama siku zote. Jaribio lilikuwa limekufa, na saa moja tu ilibaki kabla ya kipimo.

"Tumekwisha," alisema mmoja wa wapiga pasi, na akakaa chini juu ya furushi la mataulo.

"Mimi nitakwenda kusema ni mimi," wifi alisema. "Wanifukuze peke yangu."

"Nyamaza kwanza," Mama Moto alimkatiza. "Hawafukuzi mmoja mmoja, siku hizi wanafukuza kwa orodha."

Saa kumi na moja walijipanga tena nyuma, kwenye tangi. Tisa wa pasi walisimama nyuma ya Mama Moto. Ami alikuja pia, ameegemea lori lake la kijani. Dada Asilimia alifungua kufuli, akakipangusa kijiti, akakizamisha, akakitoa. Alikisoma. Akakizamisha tena. Uso wake ukafunguka.

"Zimetumika lita mia tatu tisini na tano," alisema. "Mama, ni mia tatu tisini na tano! Umeshusha gharama zaidi ya asilimia kumi!"

Kelele zilizopigwa hapo zingepasua kioo. Wifi alimkumbatia Mama Moto kwa nyuma, akimnong'oneza sikioni akilia na kucheka, "Mungu mkubwa, wifi, nyamaza hivyohivyo, nyamaza."

Lakini Mama Moto hakukumbatia mtu. Alikuwa amekikodolea macho kile kijiti.

Maji hayakurudi. Kabla ya saa nne pasi ndiyo kwanza zilikuwa zinapata moto, na baada yake yote yalikwenda nje. Nguo zilikuwa zilezile, saa zilezile, moto uleule, na boila ni yake, anaijua kuliko anavyojua magoti yake. Boila yake haikubadilika kitu. Kama leo imekula mia tatu tisini na tano, basi na jana ilikula mia tatu tisini na tano, na juzi, na mwaka jana. Sasa zile lita mia nyingine za kila siku, ni nani aliyekuwa akizila?

Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti leo. Kufuli.

Akageuza shingo polepole, akalitazama lori la kijani. Ami hakuwa akipiga mluzi tena.

"Hongera, Mama Moto," Ami alisema, akimsogelea kwa tabasamu. "Umeshinda. Chukua ushindi wako, nenda nyumbani ukapumzike. Watu wako wamepona." Akamnyooshea mkono binti wa kaka yake. "Haya mama, lete ufunguo, tusikuchoshe na mambo ya matangi."

Dada Asilimia aliuchomoa ufunguo kwenye kamba.

Kumbukumbu za Mama Moto zilikuwa ndefu. Alikumbuka mwaka walipoondolewa chai kwa sababu ya gharama. Alikumbuka mwaka walipoondolewa glavu, na aliyeungua akaambiwa ni uzembe. Kila mara palikuwa na karatasi na hesabu, na kila mara hesabu ilianzia kwa wenye mikono mitupu. Akinyamaza leo, tisa watakuja Jumamosi. Ufunguo utarudi kwa Ami, mwezi ujao kijiti kitasoma mia tano, nao watasema maji ya Mama Moto yameshindwa. Orodha itarudi na majina yaleyale, na la kwake juu.

Wifi yake alimbana mkono mpaka kucha zikaingia. Alikwisha kumjua.

"Usimpe," Mama Moto alisema.

"Mama?"

"Ufunguo. Usimpe. Maji hayakurudi leo. Koki ilifunguliwa saa nne kwa makosa, nimeikuta wazi saa kumi. Nenda kaguse tangi dogo, ni baridi kama pua ya mbwa. Boila imechoma mafuta yake ya siku zote."

Dada Asilimia alikunja uso. "Basi mbona yamepungua?"

"Hayajapungua. Leo hayakutoka kwa mlango wa nyuma. Jenereta haijawashwa wiki ya tatu hii, umeme upo. Fungua tangi la lori la baba yako mdogo utazame lina nini, na umuulize jana alijaza wapi."

"Wewe mwanamke!" Ami alifoka, na lile tabasamu likaanguka kama bamba la bati. "Unajua unaongea na nani? Mlinishika? Umeniona?"

"Sijakuona, Ami. Kama ningekuona wewe, nisingejisumbua kuunga pampu."

"Mwanangu," Ami alimgeukia binti, sauti imelainika ghafla, "mimi ni damu yako. Hawa wanakuja na kuondoka. Andika maji. Maji yameokoa mafuta, basi, kila mtu anafurahi, hata wao. Si ndiyo?" Akawageukia wapiga pasi. "Si mnafurahi?"

Gari la hospitali lilikuwa linasubiri mafurushi ya shuka yaliyopangwa mlangoni, na mmoja baada ya mwingine wanawake tisa waliyaendea, wakayakalia. Wifi alikalia la mwisho, akaziba mlango; shuka hazingetoka mpaka ukweli uandikwe.

Dada Asilimia alikwenda hadi kwenye tangi dogo nyuma ya ukuta wa boila. Walimsikia akilipiga bati kwa kiganja. Aliporudi hakumtazama baba yake mdogo. Alifunga kufuli, akautia ufunguo mfukoni mwake, akafungua daftari. Aliandika, na alipomaliza alisoma kwa sauti, ili hata yeye asije akageuka kesho: lita mia moja na tano kwa siku zinatoka tangini bila kufika kwenye boila, aliyekuwa akitunza ufunguo ni mkuu wa magari.

"Jumamosi mje," alisema. "Wote tisa."

Ami alitema mate chini, akaingia kwenye lori, akaupiga mlango. Mafurushi yakaanza kubebwa. Hakuna aliyeimba, walikuwa wamechoka mno.

Dada Asilimia alibaki amesimama na kijiti mkononi, kinadondosha dizeli kwenye viatu vyake vizuri. "Mama. Miaka yote hii. Kwa nini hakuna aliyeona?"

"Mlipotafuta panapovuja," Mama Moto alisema, "mlianzia kwetu."

Alitaka kuongeza neno, kwa sababu lilikuwa la kweli na lilikuwa linamuuma kuliko mengine: kwamba hata yeye, alipotafuta, alianzia kwa wanawake wa ndoo. Lakini hilo halikuwa la kumwambia binti wa tajiri. Akaingia ndani kuuzima moto.