Gari Lisilovuja

...na nani kasema mkono wangu unatetemeka, mkono hautetemeki, ni hii keekee ya Bonaventura imelegea shingo, keekee ya kutobolea mbao za mitumbwi leo imepewa chuma, inashangaa, mimi sishangai, mimi Ndayikeza nimelala chali juu ya mkeka chini ya gari langu mwenyewe, ncha ya keekee iko pale pale nilipoweka alama ya chaki, imebaki kuzungusha tu, nikizungusha maji yatatoka, maji yakitoka nitainuka, nitajifuta uso, nitavaa kitenge changu kilichopigwa pasi, na wageni kutoka Dar es Salaam watanikuta nimesimama kando ya gari zuri kuliko yote yaliyowahi kupita Ujiji, na hapo sijisifu, hiyo ni kweli tupu, muulizeni yeyote, waulizeni hata hawa ambao kutoka huku chini naona miguu yao tu... viatu vyeusi vinavyong'aa, hivyo vya Bwana Rodgers, afisa wa viwanda vidogo, mtu wa Mbeya, kaletwa huku na uhamisho na mpaka leo anagombana na vumbi letu, kandambili za bluu, hizo za Mwanvua muuza dagaa, hana kazi hapa karakana lakini hakosi, na ile miguu mitupu iliyosimama kando, imenipa visigino, hiyo ya Mzee Bonaventura, na kweli kasusa, ananisikiliza kwa mgongo.

"Mama Ella," anasema Rodgers, na kiatu kimoja kinakanyaga kingine, "treni imeshapita Luiche." Nimesikia, baba, imepita Luiche, nta kibazo, hamna shida, kutoka Luiche mpaka stesheni, kutoka stesheni mpaka hapa Buzebazeba, mtu lazima asalimiane, lazima anywe soda, muda upo, mvua ya jana ndiyo haikuwa na adabu, gari lilikuwa uwanjani bila vioo vya milango, ikapita madirishani, ikashuka kwenye tundu la gia, ikajaa tumboni, maana gari langu lina sakafu mbili, ya juu ya kukanyagia na ya chini ya kulilinda, na katikati pana nafasi ya kupitisha mkono, humo ndimo maji yalimoingia yakakaa, ya juu tumeyachota kwa ndoo, ya tumboni hayachoteki, asubuhi Mwanvua kaketi kiti cha mbele, kajitikisa kidogo, akapiga ukelele, "Jamani, mbona linasukutua!" tukacheka wote, hata mimi, ila Rodgers hakucheka, alinivuta pembeni akasema, Mama Ella, hawa wageni wakilipenda gari, karakana inapewa kazi ya kutengeneza mengine, na wewe kibali chako cha kukaa nje ya kambi ya wakimbizi kinaongezwa, wasipolipenda mimi sina mdomo mbele ya wakubwa, utarudi kambini, wewe na mtoto... na hao wageni wataketi humu ndani, tena wanene wale, watasikia maji yanacheza chini ya makalio yao, nani atalipenda gari la namna hiyo, kwa hiyo tundu lazima, tundu moja tu, dogo, huku chini.

Na Bonaventura kakataa! Mtu niliyemtoa Ilagala kwa kumbembeleza, fundi wa mitumbwi, Muha asiyejua kusema uongo, wenzangu waliniambia kwa nini usichukue mafundi wa kuchomelea, nikawaambia wachomeleaji wanajua pembe, hawajui tumbo, na mimi gari ninalolitaka halina pembe hata moja, ni gari la zamani kwa sura, lile la mviringo, taa za duara, mgongo unaoshuka taratibu mpaka chini, lakini dogo, lipite vichochoro vya Ujiji bila kugusa ukuta wa mtu, limbebe mama na magunia yake, hayo magari mapya yote yana uso wa sanduku, mtu hayapendi, anayapanda tu, ila lile la zamani mtu akiliona anatabasamu kabla hajajua kwa nini, na mviringo ndio unaogongeka kwa nyundo, bati la pipa la mafuta lina mviringo wake tayari, unalifuata tu, baba yangu alinifundisha, alikuwa na karakana ya kunyoosha bodi kule Bujumbura, nimekua ndani ya bodi za magari, wenzangu walicheza na wanasesere, mimi nilicheza na madigadi ya matairi... Bonaventura akanipindia mbavu za mbao kwa jicho tu, jicho moja kafumba, mimi nikazivika bati, na kila penye kiungo akatia pamba na lami akapiga kalafati, kama anavyofanya kwenye mitumbwi, safi, hata sindano haipiti, na leo nimemwambia toboa, akaiweka keekee chini akasema, "Chombo nikishakifunga kwa mkono wangu, mkono huohuo haukitoboi. Nitawaambia nini watu wa Ilagala?" Rodgers akamwambia, Mzee, hiki si chombo, ni gari, naye akajibu, "Limeshika maji tangu jana, halijatoa hata tone. Wewe ungeliitaje?" Hapo nikaona tutakesha, nikasema nipe mimi hiyo keekee, mwanamke wa Kirundi haogopi tundu, nikatandika mkeka, nikaingia.

Sasa zungusha. Zungusha basi. Naizungusha... hapana, bado, kwanza niiweke sawa isije ikateleza ikachuna rangi, rangi hii ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo niliichanganya mwenyewe, si ya kuchunwa, na chuma hiki cha chini ni kizito, kinataka kifua, nitakisukuma kwa kifua... "Kalala?" anauliza Mwanvua. "Mama Ella, umelala?" Silali, dada, nafikiri. Huyu Mwanvua huyu, dagaa zake zinaliwa na paka yeye yuko hapa, lakini bila yeye gari hili lingekuwa kichekesho, kweli, maana la kwanza tulilitengeneza kwa mbao tupu likatoka kama kiboko, watu wa Buzebazeba walikuja na watoto wao kulicheka, la pili Rodgers akasema limenuna, nikapandisha taa vidole viwili, likaacha kununa, nikadhani nimemaliza, Mwanvua akapita na beseni kichwani, akasimama, akalizunguka, akaniuliza, "Shoga, hili linakuja au linakwenda?" Nikamwambia wewe hujui magari. Nikaenda kulitazama kutoka barabarani. Mana yanje, Mungu wangu! Mbele na nyuma ni kitu kimoja, ule mteremko wa nyuma nimeuweka na mbele, taa za mbele nimezibana pembeni kabisa kama za nyuma, ukilitazama kutoka upande wowote linakupa kisogo, linaondoka... nikajua sababu palepale, sikumwambia mtu, gari nililokuwa nalinakili naikumbuka nyuma yake tu.

La Jean de Dieu lile. Mume wangu. Dogo, la mviringo, la baba yake kabla halijawa lake, lilitutoa mjini mwaka wa tisini na tatu mpaka ufukweni, mimi na Ella mgongoni na sufuria moja, mtumbwi ukawa unapakia watu, akasema ingieni, mimi nageuza, namfuata mama, nakuja na mtumbwi ujao, akageuza, akapanda kile kilima, nikaitazama nyuma ya gari mpaka kona, zile taa mbili nyekundu, breki ikawaka mara moja pale kwenye kona, nikasema moyoni anarudi, kumbe alikuwa anapunguza tu mwendo... ilikuwa mchana, jua kali, naikumbuka hata kutu iliyokuwa chini ya namba, lakini uso wake, gari nililolipanda kila Jumapili kwenda misa, uso wake umefutika. Hakuja na mtumbwi ujao. Wala na ule mwingine. Niliuliza kila aliyeshuka. Kwa hiyo uso wa gari hili hapa, la tatu, nimeubuni mimi, hakuna gari lolote duniani lenye uso huu, na ni mzuri, nautetea, Mwanvua aliporudi akasema, "Ehee, sasa linakuja," na mimi niliingia stoo nikalia, nikatoka, nikaendelea kupiga msasa.

"Ama nitafute mtu mwingine?" anasema Rodgers kwa sauti ya chini, anafikiri huku chini hakusikiki. "Ama tuligeuze ubavu, maji yamwagike?" Uligeuze rangi ikiwa bado mbichi, uligeuzie wapi, juu ya kichwa chako? Nasema kwa nguvu, "Bwana Rodgers, tulia, hili ni gari langu!" na Mwanvua anacheka, na ile miguu mitupu inageuka, hatimaye inageuka, Bonaventura anasogea karibu, kasimama hapa sikioni kwangu, kisigino chake kiko karibu na uso wangu, kimepasuka, kina lami kwenye nyufa... kisigino. Yule mtu wa mtumbwini naye alikuwa na kisigino hivi. Sijui hata jina lake. Tulipofika mbali na nchi kavu mtumbwi ukaanza kuingiza maji, chini palikuwa na tundu lililozibwa kwa kitambaa na kitambaa kimetoka, watu wakaanza kusali kwa sauti, mimi nikakinga kwa sufuria, nachota namwaga, nachota namwaga, Ella analia mgongoni, na mtu mmoja mwenye koti la kijivu akaweka kisigino chake juu ya lile tundu, akakaza hivyohivyo mpaka Kagunga, upande huu wa Tanzania, mawimbi yanapiga, watu wanatapika, yeye kisigino, na tuliposhuka mguu wake ulikuwa umekufa ganzi, wakamnyanyua wawili, na mimi nilikuwa natafuta maziwa ya mtoto, sikumwambia hata asante.

Na toka siku hiyo... ngoja. Ngoja kwanza. Nani alimwambia Bonaventura atie kalafati sakafuni? Mitumbwi ndiyo kazi yake, lakini gari ni langu, michoro ni yangu, alinitazama siku ile akaniuliza, "Na chini nako nifunge?" Nikasema funga, lisipitishe hata tone. Akaniuliza tena. Nikasema Mzee, funga. Na jioni, sakafu ya juu ikiwa bado, nilileta ndoo nikamwaga maji ndani, nikapiga magoti kutazama kama linavuja, nani anapima gari kwa kulimwagia maji ndani, mimi, peke yangu, nikafurahi kabisa, nikamsifu, na leo asubuhi nimemcheka mzee wa watu mbele ya wote kwamba kanitengenezea mtumbwi, kumbe mtumbwi nimeuagiza mimi. Na sakafu mbili, za nini? Na ile nafasi niliyoacha chini ya kiti cha nyuma, nilimwambia Rodgers ni ya vifaa, si ya vifaa, niliipima kwa sufuria. Na kiti kinacholala chali, mtoto apate kulala njiani, njia ya kwenda wapi, Ndayikeza? Miaka yote hii nasema natengeneza gari la akina mama wa Ujiji la kwenda sokoni, kumbe mkono wangu umetengeneza kitu cha kukimbilia, kikae tayari, kimejaa mafuta, kisiingize maji, hata barabara ikiisha kielee.

Ndiyo maana mkono hauzunguki, si keekee, keekee ni nzima, mkono unajua ninataka ufanye nini, unaambiwa utoboe chini, mkono uliokwisha kuchota maji kwa sufuria hautoboi chini, hata Bonaventura kakataa na yeye hakuwahi kukimbia popote... lakini sikiliza, mkono, sikiliza vizuri, mgongo wangu umelalia nini, umelalia mkeka, na mkeka umelalia nini, udongo, udongo wa Buzebazeba, mgumu, una changarawe inayoniumiza bega, hauyumbi, nimeulalia muda huu wote na haujaniyumbisha hata mara moja. Ella yuko shule hapo juu, anaandika Kiswahili kizuri kuliko changu, jana kanisahihisha. Hakuna mtu anayehitaji kuweka kisigino hapa. Maji yakipita yatapita yaende zake, ndivyo gari linavyotakiwa, liingize mvua, liitoe, liendelee na safari ya sokoni. Na hao wa treni wakilipenda, vyema, nitalipenda nao, na wakilikataa wanirudishe kambini, nitakwenda kwa miguu yangu nimeinua kichwa, kwenda siyo kukimbia, nitaomba bati na nyundo hukohuko nianze la nne, uso ninao kichwani, huo hawawezi kuninyang'anya, na Jean de Dieu... Jean de Dieu hayuko njiani. Hayuko. Nimelisema. Nimelisema na bado nimelala hapa, gari liko juu yangu, halijaniangukia.

"Mama Ella," anasema Bonaventura, sasa kainama, naona ndevu zake zimepinduka, "wewe unasali au unatoboa? Kama na wewe umeshindwa, toka, tushindwe wote." Ana macho mekundu, mzee wa watu, inamuuma kama tunamchinjia mbuzi wake. Nakaza kifua kwenye keekee, mkono unaanza kuzunguka. Treni inapiga honi, hiyo sasa ni ya stesheni, na viatu vyeusi vinaruka kidogo. Nawaambia, "Sogezeni miguu."