Chungu cha Alcide

"Mama Merveille, hiyo ni mboga ama ni matope?"

Ndivyo Jedidah, jirani wa mlango wa pili pale mjini Hopkins, alivyouliza mwaka ule Bernardine alipompelekea gambo, ule mchuzi mzito wa rangi ya kahawia, kwa mara ya kwanza. Alionja kwa ncha ya kijiko kama mtu anayeonja dawa. Kisha akamaliza bakuli, akalipangusa kwa kidole, na tangu siku hiyo hakuacha kuuliza lini tena.

Leo Jedidah huyohuyo, macho mekundu kwa shifti ya hospitali, alikuwa anamkimbiza kwa gari kwenda mkahawani, Inver Grove Heights, theluji imerundikwa kama kuta kando ya barabara.

"Ukalale, dada."

"Nitalala Jumapili, pasta akihubiri. Leo lazima tushinde."

"Huu si mpira, Jedidah."

"Huyo mama anakuja kubeba chungu chenu. Ni mpira, tena fainali."

Bernardine akacheka, na kicheko kikamtoka kirefu kuliko alivyotaka. Tangu alfajiri moyo ulikuwa unamchezea kifuani kama wasichana wa kwaya. Aliogopa, ndiyo. Lakini furaha ilikuwa imeitangulia hofu na kukaa kiti cha mbele. Leo angepika gambo ya bosi wake, Alcide, mbele ya dada wa bosi huyo.

Alcide alikuwa Mkajuni, mzao wa Wafaransa wa Luiziana, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Miaka tisa iliyopita alimwajiri Bernardine kuosha vyombo katika mkahawa wake mdogo kando ya mto. Siku ya tatu alimsikia akinong'ona sala kwa Kifaransa juu ya masufuria, akaangusha kisu. "Wewe! Unaongea kama bibi yangu!" Kifaransa cha Bukavu na Kifaransa cha vinamasi vya Luiziana vikakutana hapo penye baridi, kimoja kikimcheka kingine. Kabla ya Krismasi alikuwa amemtoa kwenye sinki na kumkabidhi mwiko.

Alimfundisha kukaanga unga wa ngano katika mafuta, polepole, bila kuacha kukoroga, mpaka ugeuke rangi ya chokoleti. Hiyo ndiyo ru, na bila ru hakuna gambo. "Saa si kitu," alisema. "Ru ni bia mbili. Ukimaliza ya pili, imeiva." Bernardine hakuwahi kugusa bia. Akajaribu kwa rozari: rozari mbili nzima, bila haraka, na ru ikatoka ileile. Tangu hapo walisimama bega kwa bega, mmoja na chupa, mwingine na shanga, wakifika pamoja. Walipogombana ni mara moja tu, Alcide aliposema kitunguu, selari na pilipili hoho vinaitwa Utatu Mtakatifu. "Utatu haukatwikatwi kwa kisu, Chef!" Mzee akavua kofia, akaomba radhi. Tangu siku ile akaviita "wale watatu".

Sasa Alcide alikuwa amelala kaburini tangu Oktoba. Joan, binti yake, ndiye mwenye mkahawa, na juzi alipiga simu. Shangazi Odile anakuja. Chungu cha chuma kilikuwa cha mama yao, anakitaka. Ataonja kwanza. Gambo ikiwa si kama ya nyumbani kwao, chungu kinaondoka, na Joan alishasema: chungu kikiondoka, gambo nayo inatoka kwenye menyu.

Jedidah alipomshusha mkahawani, Bernardine aliingia jikoni, akapiga ishara ya msalaba, akamimina mafuta.

Rozari ya kwanza iliisha unga ukiwa rangi ya njugu. Katika fungu la tatu la rozari ya pili, ukiwa mwekundu kama senti ya shaba, mlango wa jikoni ulifunguka. Upepo wa baridi ukaingia, na nyuma yake bibi mrefu mkavu, blanketi limekunjwa kwapani. La kufungia chungu.

"Bonjour," alisema Odile.

Kila kitu alichofunzwa na mama yake kilimwambia Bernardine aache kazi, ageuke, ampe mkubwa mkono, mikono yote miwili. Lakini ru ukiiacha kidogo tu, huungua, na ikiungua hairekebishiki, unamwaga. Hakugeuka. Midomo ikaendelea na Salamu Maria, mwiko ukaendelea kuzunguka, na aibu ikampanda shingoni moto kuliko jiko. Odile alisimama palepale na koti lake mpaka shanga ya mwisho.

Wale watatu wakaingia chunguni kwa kishindo cha mvuke. Ndipo Bernardine alipogeuka, akifuta mikono kwenye aproni.

"Nisamehe, mama. Sikukusalimu."

"Alcide naye hakuwahi kugeuka." Odile alikuwa anaangalia rozari shingoni mwake. "Alikufundisha kupima kwa hiyo?"

"Hapana. Yeye alipima kwa bia mbili. Hii ni yangu."

Bibi alifumba mdomo kwa kiganja. Mabega yakatikisika, na haikujulikana ni kicheko au nini.

"Mama yetu alipima kwa rozari," alisema. "Bia aliileta yule mpuuzi."

Kuku na soseji zilipolainika, Bernardine aliweka wali katikati ya bakuli. Odile akaonja kijiko kimoja. Akafumba macho. Akaonja cha pili. Kisha akanyanyuka, akalifunika bakuli kwa lile blanketi la chungu kama mtoto anayetolewa nje kwenye baridi, akatoka nalo, chungu akikiacha jikoni.

Kupitia dirishani Bernardine alimwona akiingia kwenye gari lake, mbele ya mto ulioganda. Hakuwasha injini. Vioo vikaanza kuingia mvuke, kimoja kimoja, mpaka bibi hakuonekana tena. Nyuma ya Bernardine, chungu kilikuwa kinatokota.