Shimo la Mwatima

Majembe ya wanakijiji waliokuwa wakizibua mto yalisita mbele ya vijiti vinne vilivyochomekwa topeni, mfano wa wageni waliobisha hodi pasiwe na wa kuwaitikia. Chini ya vijiti vile kulikuwa na makumbi ya nazi. Marehemu Mwatima ndiye aliyeyafukia ili yaoze, ayaponde, asuke kamba. Na kijijini Vitongoji hapana asiyejua: shimo la makumbi halifukuliwi bila idhini ya mwenyewe. Nyuma ya shimo hilo, lililoziba njia, maji ya mto yalikuwa yamekwama, yamebeba nepi, chupa na utando wa mafuta machafu.

Akaitwa mumewe, Mzee Duni.

Alikuja ulimi umeshanolewa. "Wakubwa wako wapi? Siku ya kura njia ya huku waijua. Mto umewaozea mbele ya macho, leo mwaniita mie."

"Tungewangoja hao, Mzee, tungezeekea hapa," alisema Khairiya, mwenye tanuri la mikate ya boflo, tope likimfika magotini.

Mzee Duni akamgeukia fundi pikipiki aliyeleta gari lake lizoe taka. "Na wewe Ridha, mafuta haya si ya karakana yako?"

"Mengine yangu," Ridha akajibu. "Ndiyo maana nimekuja."

Hasira ya Mzee ilizoea kupigana na watu wasiokuwepo.

"Ukikataa, hatuligusi shimo," Khairiya alisema taratibu. "Tutazoa tutakachoweza, maji yatabaki yalivyo."

Tangu afiwe, kila asubuhi Mzee Duni alikuwa akipita hapa akavitazama vijiti vile. Makaburini Mwatima alikuwa amekwisha. Hapa alikuwa bado na kazi aliyoiacha njiani, na aliyeacha kazi njiani hurudi kuimaliza.

Mzee akavua makubadhi, akaingia topeni, akapiga bismillahi. Kumbi la kwanza alilivuta kwa nguvu. Likachomoka ghafla, naye akakaa kitako.

"Huo si muhogo, Mzee," alisema Bi Moza, jirani yake. "Hupapaswa kwanza."

Wanawake wakacheka, naye akajikuta anacheka. "Mwatima alikuwa akinifukuza hapa. Akisema kelele zangu zayachelewesha makumbi kuoza."

Akapapasa. Yakatoka moja moja, meusi, laini, yakinuka ile harufu ambayo usiku ilikuwa haibanduki mikononi mwa mkewe. Hakuna aliyemharakisha. Vijiti aliving'oa mwenyewe. Maji yakasita, yakajikusanya, yakapita.

Bi Moza alikuwa ameshaliponda kumbi moja juu ya gogo; nyuzi zikajitokeza, za rangi ya asali. "Usumba mzima huu. Tutakusukia kamba. Ila ya nini, Mzee? Mbuzi huna, ng'ombe huna."

Mzee Duni aliufumbata ule usumba, ukamjaa kiganjani.

"Isukeni tu," akasema. "Isukeni ndefu."